Kinu cha unga Kisauni: wa manjano ni mzuri, ila wateja wangu wanataka mweupe

Mimi huuzia mafundi wa gereji sima ya mchana huku Kisauni, Mombasa, kwa hivyo unga naujua kwa mkono, si kwa tangazo la redio. Kinu ninachokisemea ni kile chenye mlango wa mabati ya buluu, karibu na stendi ya matatu. Wanauza mahindi kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia, na kukusagia papo hapo. Ukitaka yakobolewe, wanakoboa. Ukitaka mazima, wanasaga na ganda lake.

Kwanza sifa. Kijana wa mashine hufagia, kisha hupitisha konzi ya mahindi kabla ya kumimina yako, usije ukaenda nyumbani na mtama wa mwenzio. Gorogoro lao halijapondwa kitako ili lipunje. Aliyenunua mahindi Mombasa anajua kwa nini nalitaja hilo. Ubaya ni vumbi, na unga hutoka moto: ukifunga mfuko hapo hapo utakuta madonge jioni.

Sasa wa manjano. Mwenye kinu alileta magunia kadhaa, akayauza chini ya bei ya meupe. Nilisaga mazima, nikapika. Sima ilikuwa na utamu wa mbali na harufu ya mahindi mabichi, tonge halipasuki. Rangi ile ndiyo yenye asili ya vitamini A, ambayo mahindi meupe hayana. Kwa kweli niliipenda kuliko ya paketi.

Mafundi? "Mama, leo umetufanya kuku?" Maana manjano kwao ni chakula cha mifugo. Mzee mmoja anayechomea vyuma hakucheka hata kidogo: alisema ile ni njaa ya 1984, mahindi ya msaada kutoka Marekani, na hataki kuyaona tena. Sahani zilirudi nusu.

Mwenye kinu naye hajaleta magunia mengine, na simlaumu. Serikali zenyewe hufanya hesabu yake hiyo hiyo: huleta kile watu wanachokubali kula. Mahindi mengi yanayouzwa duniani ni ya manjano, ya Marekani, Brazil na Argentina. Meupe ya kula watu yana wauzaji wachache, kama Mexico, Afrika Kusini na Zambia. Ndiyo maana mwaka 2017, ukame ulipotukausha, meli iliyotia nanga hapa bandarini kwetu ilileta mahindi meupe ya Mexico, na paketi ya kilo 2 ikashushwa hadi shilingi 90. Uchaguzi ulikuwa Agosti. Julai 2022 paketi ilikuwa imepita 200, ikatangazwa 100. Uchaguzi tena Agosti, tarehe 9. Mnamo Septemba Rais Ruto akaapishwa, akasema ruzuku ya mlaji, ile pesa ya serikali ya kushusha bei ya unga, imekwisha, pesa ziende kwenye mbolea, gunia la kilo 50 kwa 3,500.

Mbolea ni wazo zuri, sibishani, ila mahindi yakiadimika, rangi inatubana. Mnunuzi aliyekwisha kusema nataka meupe tu, muuzaji humpangia bei anavyotaka. Na hakuna mwanasiasa atakayepanda jukwaani Kisauni aseme kuleni ya manjano ni nafuu. Atasema unga utashuka, na sote tunajua ni unga upi. Mafundi wangu wenyewe humlaani kila kiongozi kwa bei ya unga huku wakisukuma sahani ya manjano pembeni, na wote wana kura.

Cha ajabu ni uji. Unga ule ule niliokataliwa kwenye sima, nikiukoroga uji wa asubuhi na ukwaju na sukari, wanaumaliza na kuomba wa kuongeza. Hakuna aliyeuliza rangi. Basi nimekubaliana na mwenye kinu aniwekee manjano kidogo kidogo, kwa uji na kwa nyumbani kwangu, na sima ya gereji naendelea kukobolesha meupe.

Ukienda, beba mfuko wa kitambaa ili unga upoe vizuri. Kwa uji waambie wasage mara mbili, wanaongeza pesa kidogo. M-Pesa wanapokea. Jumamosi usithubutu, foleni inafika barabarani.