Krimu ya Ovestin kwa ukavu wa ukeni, maoni yangu

Wamama wenzangu mliokoma hedhi hii ni yenu. Ule ukavu wa huko chini, ukikaa kwenye daladala unahisi kama kuna mchanga, mkojo unachoma, na kwa mume ndo usiseme kabisa. Mi kila nikienda hospitali napewa dawa za fangasi wakati kipimo hakionyeshi fangasi yoyote, mpaka nikampata daktari wa wanawake akanichunguza vizuri akasema homoni ya estrojeni imeshuka, ngozi ya ndani imekuwa nyembamba, akaniandikia hii krimu.

Ni tyubu ya gramu 15, ndani ina estrioli (aina ya estrojeni) miligramu 1 kwa kila gramu. Inakuja na kibomba cha plastiki, unakifunga kwenye mdomo wa tyubu unaminya mpaka krimu ifike kwenye alama ya mduara, hiyo ni nusu gramu, unalala chali unaingiza taratibu unasukuma. Tumia wakati wa kulala maana ukitembeatembea inashuka inachafua nguo. Kibomba osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, usikichemshe. Mimi niliambiwa wiki za mwanzo kila usiku halafu mara mbili kwa wiki.

Mwanzoni inawasha kidogo, kwangu ikaisha yenyewe. Na jamani siyo dawa ya kulala ukaamka umepona, inachukua wiki kadhaa. Kwangu kilianza kuisha kuchoma mkojo, UTI zilizokuwa zinarudirudi zimepungua sana, tendo la ndoa ndo lilichelewa lakini sasa hivi sina maumivu, na hilo tu naishukuru. Ukiacha ukavu unarudi, kwa hiyo kubali ni ya kuendelea nayo.

KY Jelly, kile kilainishi, tunayo bado, ni nzuri, ya maji, ila ni ya wakati wa tendo tu, inakauka haraka inabidi uongeze, na haitibu ile ngozi. Mafuta ya nazi wengi wanayasifia, sawa, ila kama mnatumia kondomu achaneni nayo, zinapasuka. Na kujiosha ndani kwa sabuni jamani tuache, ndo tunazidi kujikausha.

Kasoro yake kubwa ni kupatikana, famasi nyingi hawana, piga simu kwanza. Kuna moja kijana wa kaunta alinitangazia mbele za watu kwamba ni ya ukeni, iliniuma sana, mtu mzima anayeumwa anastahili kuhudumiwa kwa staha. Mpe cheti cha daktari mkononi inatosha.

Kama uliwahi kuugua saratani ya matiti mwambie daktari kabla hajakuandikia. Na ukiona damu wakati hedhi ilishakoma mwaka au zaidi, hata tone, usipake kitu, nenda kapimwe kwanza.