Casio fx-991ES PLUS: kitufe cha FACT na mabano yanayoponza watu

Kalkuleta iliyozoeleka madarasani kuanzia Nakuru hadi Kakamega ni fx-82MS. Kwa hesabu za sekondari inatosha, ila haichambui nambari kuwa vigawo tasa, yaani vigawo visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe. fx-991ES PLUS inachambua, na kwa mwanafunzi wa hisabati wa chuo kikuu cha Maseno au Egerton hiyo peke yake ni sababu ya kuongeza pesa. Shida iko katika kulisoma jibu.

Andika nambari, bonyeza =, halafu SHIFT na kitufe cha nyuzi na dakika chenye maandishi FACT. 1014 inatoa 2×3×13². Kinachochambuliwa ni jibu lililo kwenye skrini, na lazima liwe nambari kamili chanya isiyozidi tarakimu 10. Desimali huleta Math ERROR.

2²³−1 inatoka safi: 47×178481. Sasa jaribu 2²⁹−1, yaani 536870911. Unapata 233×(2304167). Wengi huona mabano hayo wakaandika kwamba 2304167 ni tasa. Sivyo! Mabano ni kalkuleta kunyoosha mikono: hutafuta vigawo visivyozidi tarakimu tatu, na tasa ya kwanza ya tarakimu nne ni 1009, kwa hiyo salio linalofika 1009², yaani 1018081, haliwezi kulitolea hukumu. Ukiiwekea 2³¹−1 itakupa (2147483647), mabano yale yale, na hiyo ni tasa kweli. Mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka wa 1772, bila betri.

Kumaliza kazi ni juu yako, na kuna njia ya mkato. Ikiwa p ni tasa isiyo 2, kila kigawo tasa cha 2ᵖ−1 kina umbo 2kp+1, k ikiwa nambari kamili, na ukikigawanya kwa 8 hubaki 1 au 7. Kwa p=29 umbo ni 58k+1. FACT imeshamaliza vya tarakimu tatu, basi anza k=18: 1045, inaishia 5, iache. k=19: 1103. Gawanya 2304167 kwa 1103, inatoka 2089 kamili. Kwa 2³¹−1, kugawanya kwa kila nambari tasa hadi 46340 kungekuwa mara 4792. Kwa masharti haya mawili Euler hakuhitaji kuzidi mara 372. Bado ni jioni nzima ya kubonyeza.

Zaidi ya tarakimu 10, skrini hukata mkia: 2³⁷−1 huonekana 1.374389535×10¹¹. Ndani, hata hivyo, imehifadhi tarakimu 15. Toa 1374×10⁸, unaona 38953471, hivyo nambari nzima ni 137438953471. Gawanya kwa 223 (umbo 74k+1, k=3), upate 616318177.

Kwa 2⁶¹−1, yenye tarakimu 19, usijisumbue. Mkia umepotea kabisa, na hata ukiona jibu lisilo na desimali usiliamini. Hapo fungua kompyuta, uweke PARI/GP, programu ya hisabati ambayo ni ya bure, na uandike isprime(2^61-1). Itajibu 1, yaani ni tasa.