Raspberry Pi 4 kama kompyuta ya nyumbani hapa Tanga: bodi safi, chaja ndo mtihani

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mna haraka. Bodi yenyewe sina ugomvi nayo, naipa nyota nne na nusu. Chaja na memori kadi nilizouziwa nayo pamoja kama "seti kamili" nazipa sifuri, na kama unaishi sehemu ambayo umeme unacheza kama huku kwetu basi pesa yako iende huko kwanza kabla hujaanza kubishana na watu GB ngapi za RAM zinatosha.

Kwa asiyeijua, Raspberry Pi ni kompyuta nzima iliyobanwa kwenye bodi moja, sentimita 8.5 kwa 5.6, haina kasha, haina skrini, haina kibodi, hii ya 4 haina hata swichi, we unachomeka umeme inawaka. Zilianza kuuzwa Uingereza 2012, nia yao ilikuwa watoto wajifunze kuprogramu bila mzazi kuuza shamba. Hii ya 4 imetoka Juni 2019, prosesa ina kora nne, USB nne (mbili za bluu ndo zenye kasi), tundu la waya wa netiweki, waifai, na matundu mawili ya HDMI yale madogo kabisa. Vingine vyote unajitafutia, skrini ya huku, kibodi ya kule, unaunganisha. Yangu ina RAM ya GB 4, ilipotoka iliwekwa dola 55, sa ikifika Kariakoo afu ikapandishwa basi mpaka stendi ya Kange we chukua hiyo bei ongeza usafiri, ushuru na roho ya muuzaji.

Niliichukua kwa ajili ya mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, amekomaa na Python (lugha ya kuprogramu) anajifunzia kwenye simu mpaka huruma. Skrini tukapata ya mtumba iliyotoka ofisini, kibodi na mausi vya kuokoteza, na seti ikaja na bodi, chaja, kadi iliyoandikwa GB 64, kasha la plastiki na kawaya ka HDMI. Muuzaji simtaji, seti za namna hii zimejaa kila kona.

Kuwaka iliwaka. Zile rangi za upinde wa mvua, afu desktop ikaja safi, dogo anarukaruka. Ukichomeka flashi tu, pap, inazima na kuanza upya. Ukiiacha bila kuigusa inakaa vizuri tu, ukifungua Chromium (brauza yake) ukaweka video inakufa, na juu pembeni kinatokea kialama cha radi ya njano, kinakuja kinapotea. Baraza letu hapa Makorora likatoa hukumu zote unazozijua, virusi, RAM mbovu, bodi feki ya Kichina, kuna mmoja akasema haijaaktivetiwa. Hakuna aliyeshughulika na ile radi na ile radi ndo jibu lenyewe, inatokea pale volti zinazofika kwenye bodi zinaposhuka chini ya kama 4.63, na taa nyekundu ya bodi nayo inazimika au inapepesa. Ukitaka uhakika fungua tamino (lile dirisha la kuandikia amri), andika vcgencmd get_throttled. Ikikujibu 0x0 uko salama, ikikujibu 0x50005 maana yake umeme mdogo sasa hivi na prosesa imeshapunguzwa spidi, ikisema 0x50000 maana yake sasa hivi iko sawa ila tangu uiwashe ilishapitia hiyo hali. Hii namba ya mwisho ndo tamu kuliko zote, maana inakuambia kilichotokea wakati hukuwepo.

Yetu ilikuwa inasema 0x50005 kama imekariri.

Tukaenda kwa fundi redio wa mtaani, mzee wa watu Raspberry hajawahi kuiona maishani ila mita anaijua. Dogo akamwamkia, akamuonyesha pini namba 2 ndo ya volti tano na namba 6 ndo ya grandi, mzee akaweka mita, bila kazi ikasoma karibu 4.9, dogo akafungua video ikaporomoka chini ya 4.6 na bodi ikazima palepale mbele yetu. Mzee akacheka. "Bwana mdogo, hii bodi yako nzima. Chaja haina pumzi, na huu waya mwembamba unakula umeme njiani." Hakutuchaji hata mia, alitaka tu aelezwe kale kabodi kanafanya nini, na hapo alipewa lekcha na dogo mpaka adhana ya alasiri.

Sa hapa nikae kidogo maana ndo watu wengi wanapigwa. Bodi hii inataka volti 5 na ampia 3. Chaja ya simu yako ya wati 33 au 65 haikusaidii kwa ule ukubwa wake, maana zile wati zinapatikana pale simu inapoongea na chaja ikaomba volti 9 au zaidi, Raspberry haiombi kitu, kwa hiyo inapewa volti 5 tu na kwenye volti 5 chaja nyingi zinaishia ampia 2. Geuza chaja usome yale maandishi madogo ya output, tafuta palipoandikwa 5V na 3A pamoja, ikiandikwa 5V 2A rudisha dukani hata kama boksi lina picha ya roketi. Halafu waya. Waya ukiwa na ukinzani wa omu 0.2 kwenda na kurudi, na ampia 3 zinapita, umeshapoteza volti 0.6 kabla umeme haujafika, yani chaja inatoa 5 kamili bodi inapokea 4.4. Ndo maana chaja ya Raspberry wenyewe wameiweka volti 5.1 na waya umegandishwa humohumo haung'oki. Tulipoipata hiyo (ilichelewa, na bei yake ilinifanya nikae kimya kidogo) kila kitu kikatulia, flashi, video, hadi diski ya nje ndogo. Sijabadilisha kitu kingine chochote.

Kadi nayo. Imeandikwa GB 64, ina nembo kubwa ambayo nina hakika hao wenye nembo hawaijui. Mwanzo inafanya kazi vizuri, ndo ubaya wa kadi feki, inajitangaza ina nafasi kubwa lakini ndani ni ndogo, ukishajaza nafasi ya kweli mafaili mapya yanaandikwa hewani. Dogo akapakia vitu vyake, siku moja anawasha bodi, taa ya kijani inapepesa mara nne inapumzika, mara nne inapumzika. Hizo taa zina lugha yake: mara nne ni kwamba faili la kuanzishia halionekani, mara saba kernel (kiini cha mfumo) haionekani, zote mbili tafuta kwenye kadi usiguse bodi. Kuipima kuna programu inaitwa f3 kwenye Linux, inajaza kadi yote afu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndo kilichopo, kwenye Windows kuna H2testw. Ipime siku hiyohiyo ya kununua ungali na risiti. Yetu ilionyesha nafasi ya kweli kidogo tu ya ile iliyoandikwa.

Hata kadi orijino umeme ukikatika ghafla ikiwa inaandikwa inaweza kuharibika, na huku kwetu kukatika ghafla sio habari. Tulichofanya ni kuhamisha mfumo mzima kwenye SSD (diski ya kasi) ya USB, Pi 4 inakubali kuwaka bila memori kadi kabisa, na tofauti ya spidi unaiona kwa macho, Chromium inafunguka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Asiye na hela ya SSD aingie raspi-config (menyu ya mipangilio) awashe ile overlay, mfumo unakuwa wa kusoma tu, ukizima ghafla hakuna kilichokuwa kinaandikwa kwenye kadi, ila kumbuka kazi zako zitunze kwenye flashi maana utakazoacha humo kwenye mfumo ukizima zimekwenda. Pawabenki wengine wanaisifu, mi nasema angalia, nyingi umeme ukikatika au kurudi zinakata kidogo wakati wa kubadilisha na hako kadogo kanatosha kuzima bodi.

Kuna jambo lingine ambalo lilitusumbua kimyakimya. Umeme unarudi, bodi inawaka, bando hakuna, saa inakuwa ya jana. Afu ukija kuweka bando tovuti zote zinagoma kwamba sio salama, dogo anadhani kadukuliwa. Pi 4 haina betri ya saa kama kompyuta za mezani, inabaki na saa iliyotunzwa mara ya mwisho mpaka ipate intaneti. Kuna kamoduli kadogo kanaitwa DS3231, kana betri ya sarafu, kanakaa juu ya pini za mwanzo (umeme pini 1, data pini 3, saa pini 5, grandi pini 9), unaongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio config.txt, dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, imekwisha. Ila pini zile usizichezee bodi ikiwa inawaka, zile za data zinavumilia volti 3.3 tu, ukigusisha na ile ya 5 unaweza kuua bodi nzima.

Joto sasa. Tanga msimu wa kaskazi mnaujua wenyewe, hata feni inapuliza moto. Prosesa ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza spidi, na lile kasha la plastiki lililokuja na seti ni kama kumvalisha mtu koti Januari. Tumelitoa, tumeweka kasha la alumini ambalo lenyewe ndo linapoza, halina feni kwa hiyo halivuti vumbi wala ile chumvi ya bahari. Wa Raskazone na Chumbageni karibu na maji hiyo chumvi muifikirie sana, matundu ya HDMI na kadi yanapata kutu mapema.

Skrini: matundu ni maikro HDMI, sio mini, waya wa kamera ya zamani hauingii. Ukikosa picha chomeka lile tundu lililo karibu na sehemu ya umeme na uwashe skrini kabla ya bodi, kabla hujaenda kwa fundi. Na ukiwa na skrini ya zamani ya VGA kama yetu, adapta chukua yenye waya wake wa umeme pembeni, zile za bei rahisi zinanyonya umeme kwenye bodi hiyohiyo.

Kuiweka mfumo hakuna shida, programu ya Raspberry Pi Imager inafanya kila kitu, ila mkifuata video za zamani za YouTube zinazosema jina ni pi na paswedi ni raspberry mtakesha, tangu Aprili 2022 hiyo wameitoa, unatengeneza mwenyewe jina na paswedi unapoandaa kadi.

Kuishi nayo? Dogo anaandika Python, anatumia LibreOffice kwa ripoti za shule, na tumemuwekea programu ya Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili anasoma bila bando. Umeme inakula kidogo mno, tuseme wati 7 ikichapa kazi, saa nane kwa siku ni wati-saa 56, yani yuniti moja ya LUKU inaenda zaidi ya siku 17, skrini sijahesabu, skrini ndo mlaji. YouTube inacheza, ukifungua tabu nyingi inaanza kuvuta miguu. Windows ya kawaida sahau, prosesa ni ya ARM (aina ya zile za simu), faili la exe halifunguki, na printa kibao hazina draiva zake, kwa hiyo mwenye steshenari anayetaka ya kuchapia na kuskani nunua laptop ya mtumba tu, kwa hela hiyohiyo utakula mema zaidi.

Mnaouliza kuhusu Pi 5: ina swichi, ina sehemu ya betri ya saa, ina kasi kweli. Ila inataka volti 5 ampia 5, chaja yake ya wati 27, na ukiipa ya ampia 3 inawaka lakini inazibania USB zisivute zaidi ya miliampia 600 zote kwa pamoja, hapo SSD yako inaweza kugoma. Kama hata ya ampia 3 ya kweli tumeitafuta mpaka tukatuma Dar, hiyo ya 5 agiza pamoja na bodi. Kwa mtoto anayeanza ningeangalia zaidi Pi 400, ni bodi ya jamii hii hii imefichwa ndani ya kibodi, GB 4, ina bamba kubwa la kupozea ndani na bodi yenyewe haiko wazi ya kuguswaguswa, pini zake ziko nyuma tu. Chaja yake ni ileile ya 5.1.