Sebule ya kisasa yenye asili ya Uganda: nini ununue kwanza, nini kisubiri, nini uache

Mtindo wa kisasa unaoegemea asili umeshika kasi Kampala: kuta nyeupe au za rangi ya udongo, samani chache, mbao iliyoachwa ionekane ni mbao, mmea mkubwa pembeni. Kinachoniuma ni kwamba maduka mengi yanatuuzia mtindo huu kwa plastiki kutoka ng'ambo, ilhali vitu halisi tunavyo hapa hapa. Mpangilio huu nimeufanya kwa kupima mambo mawili: kitu kinabadilisha sebule kiasi gani kwa pesa unayotoa, na kinastahimili vipi unyevu wa misimu yetu miwili ya mvua na vumbi jekundu la kiangazi.

1. Mmea hai ndani ya chungu cha udongo

Hakuna kitu kingine cha bei ndogo kinachogeuza chumba haraka hivi. Nunua mmea mmoja mkubwa kuliko midogo sita. Kwenye bustani za miche kando ya barabara, muulize muuzaji mmea umekulia juani au kivulini. Uliozoea jua kali ukiuingiza ghafla kwenye sebule yenye giza utapukutisha majani, nawe utadhani umeuua kwa maji. Mkonge pori (sansevieria) unavumilia karibu kila kitu, hata ukisahauliwa wakati umeenda kijijini. Drasena, ile ambayo Buganda hupandwa mipakani mwa viwanja, nayo ni ngumu na ina umbo zuri. Monstera inapendeza, lakini utomvu wake unawasha, kwa hiyo mwenye mtoto anayetambaa aiweke juu.

Chungu kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti safi, kimeiva na hakina ufa. Kikitoa sauti nzito, kirudishe. Hakikisha kina tundu chini, na maji ya kisahani yamwage kila baada ya siku chache, la sivyo utakuwa unafuga mbu ndani ya nyumba.

2. Lubugo

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Lubugo, kitambaa cha gome cha Buganda, hutokana na gome la ndani la mti wa mutuba. Gome huvunwa msimu wa mvua, kisha hupondwa juu ya gogo kwa nyundo za mti zenye mifereji, kuanzia mifereji mipana hadi myembamba, mpaka gome linatanuka na kulainika kama kitambaa. Shina hufungwa kwa majani ya mgomba, gome linaota tena, na mti uleule unaendelea kuvunwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ukitundika kipande chake ukutani, ile rangi ya kahawia yenye wekundu inatuliza chumba chote bila picha nyingine yoyote.

Unaponunua, kwa mfano kwenye kijiji cha sanaa karibu na National Theatre, kiinue kipande dhidi ya mwanga. Utaona sehemu nene na nyembamba. Unatafuta kile ambacho unene wake haurukiruki. Viraka vilivyoshonwa kwa mkono si kasoro, maana gome lenyewe huwa na matundu. Kasoro ni doa jeusi lenye harufu ya uvundo, kwani hiyo ni kuvu. Lubugo haifuliwi. Ipangushe vumbi kwa brashi laini, na usiiweke kwenye ukuta unaopitisha maji. Ukitaka kivuli cha taa cha lubugo, tumia balbu ya LED isiyochemka.

Jambo moja la heshima: Buganda lubugo huvikwa maiti, na mzee akiikuta sebuleni anaweza kushtuka. Kipande kilichowekwa kwenye fremu hakileti hisia hiyo kama shuka zima lililoning'inia. Kama una wakwe Waganda, waulize kwanza.

3. Mikeka na vikapu

Mkeka wa ukindu ndio zulia linalofaa hali yetu ya hewa. Unafagiliwa, unakung'utwa, unaanikwa. Angalia ukingo kabla ya kuangalia nakshi, kwa sababu mkeka huanza kufumuka pembeni. Vikapu vya rafia na nyuzi za mgomba vinapendeza vikipangwa ukutani kwa ukubwa tofauti, na aliyepanga nyumba anahitaji misumari midogo tu. Sugua rangi kwa kitambaa chenye maji: ikitoka, itachafua ukuta wa mwenye nyumba. Mikeka ya mafunjo ni rahisi zaidi, ila hukatika upesi mahali pa kukanyagwa. Itumie kwenye dari au dirishani.

4. Samani za mbao

Nimeziweka za nne kwa sababu ya bei, na kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi zaidi. Nsambya au Bwaise, mitaa ya samani ya Kampala, utaambiwa kila kitu ni mvule. Mvule halisi ni mzito, mchwa hawauli kirahisi, na umekatwa sana huku ukikua polepole, kwa hiyo bei ndogo ikushtue. Mara nyingi unachooneshwa ni musizi, mbao laini na nyepesi, uliopakwa rangi. Pindua kiti. Upande wa chini huwa haujapakwa vizuri. Ukwaruze kwa ukucha, kisha ukiinue kwa mkono mmoja. Mbao nyepesi inayoshika alama ya ukucha si mvule, hata muuzaji aape. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga laini chini ya miguu, wadudu wameshaingia, ondoka.

Chaguo langu ni mugavu: mgumu, mwekundu wa kupendeza, na hauhitaji rangi. Mkaratusi mbichi uepuke, kwani hupinda na kupasuka ukishakaa ndani. Njia salama ni kununua mbao kavu Ndeeba, kwenye soko la mbao la Kampala, na kumpa fundi unayemjua. Usimalizie malipo mpaka uione samani kabla ya vanishi, kwa sababu vanishi huficha viungo vilivyojazwa gundi na vumbi la mbao.

5. Viti vya henzirani

Ni vyepesi na vinafaa barazani. Vikae mbali na mvua, na kagua mafundo kwenye miguu. Sebuleni kimoja kinatosha.

Viache

Maua ya plastiki hukusanya vumbi jekundu na kupauka dirishani. Stika za ukutani zenye picha ya mbao au mawe hubanduka msimu wa mvua zikiondoka na rangi ya ukuta, na siku ya kuhama mwenye nyumba atakudai ukarabati. Kwa pesa hiyo hiyo nunua kopo la rangi ya udongo, upake ukuta mmoja, na uweke mkonge pori mbele yake.