Walinichomelea visu vya mashine ya kufyekea: nyota moja, na hiyo moja ni ya giaboksi

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo atakayeona nimezidisha anisamehe. Au asinisamehe, shauri yake. Karakana yenyewe siitaji, maana Tabora mji wetu ni mdogo na mke wa fundi tuko naye kikoba kimoja. Walioungua kama mimi wataijua bila kutajiwa.

Nianze na kauli, kwa sababu kisu kingenipita na hela ingenipita, lakini ile kauli mpaka leo imenikaa kooni. Nimefika na visu vyangu viwili nimevifunga kwenye salfeti, nimeshuka kwenye bodaboda, nimemweleza fundi kwamba tangu avichomelee mashine inatetemeka mpaka dereva anang'ata ulimi. Yeye, bila hata kuinua ile ngao ya kuchomelea usoni, akaniuliza: "Mama, kwani baba yuko wapi tuongee naye?"

Baba gani? Trekta langu, mashine yangu, nimeinunua kwa hela ya tumbaku niliyoidunduliza misimu kadhaa. Baba alishatangulia mbele ya haki, na hata alipokuwa hai spana alikuwa anaishika upande usio wake, Mungu amrehemu. Nikamjibu, "Baba yuko makaburini, nenda kaongee naye." Vijana wake wakacheka. Yeye hakucheka.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mimi nafyeka kwa kukodishwa: viwanja vya shule, mashamba ya maembe, na mvua zikishakata nawasafishia wafuga nyuki mikanda ya kuzuia moto huku njia ya Sikonge, kabla watu hawajaanza kuchoma mapori. Hiyo ya nyuki ndiyo inayolipa, na ndiyo inayokula visu. Pori la miombo limejaa visiki ambavyo majani yamevifunika, na kichuguu kikikauka ni jiwe. Kisu kikipita juu ya kichuguu mara tano sita, ile kona yake ya mbele inaliwa mpaka inakuwa duara kama ncha ya kijiko.

Nilijua visu vyangu vimekwisha. Hilo nakiri. Majani yalikuwa hayakatiki, yanachanwa, na kesho yake ukipita unakuta ncha zote zimekuwa kahawia kama zimepigwa na moto. Dereva, ambaye ni mtoto wa dada yangu, aliniambia, "Mama mdogo, hapa tunapapasa tu, hatufyeki." Jozi mpya ilikuwa inatoka Mwanza kwa basi, shilingi 180,000 bila nauli ya mzigo. Fundi akasema kwa 45,000 ataviongezea nyama vikawe kama vipya. Mimi na ubahili wangu nikaona nimepata.

Na kweli vilirudi vinang'aa. Alikuwa ameongezea pembeni kipande cha chuma cha springi ya gari, akakichomelea, akakipiga grenda, akakipaka na rangi nyeusi. Ukikiona unasema hiki kimetoka dukani. Nikamlipa yote, nikamwongezea na ya soda. Ya soda! Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko ile 45,000.

Kilichofuata ni mtetemeko. Kwa asiyejua mashine hizi, chini ya bati kuna sahani nene ya chuma inayozungushwa na giaboksi, na visu viwili vimening'inia kwenye sahani hiyo, kimoja huku kingine kule, kila kimoja kwa bolti yake. Havijakazwa vikawa kitu kimoja na sahani, la hasha. Vinacheza, ili kisu kikigonga kisiki kijikunje nyuma badala ya kuvunja kitu. Mzunguko wenyewe ndio unaovinyoosha. Kwa hiyo kimoja kikiwa kizito kuliko mwenzake, mashine nzima inavutwa upande mmoja, kila mzunguko, na anayelipia ni beringi na sili za giaboksi. Hili halihitaji chuo. Mwanamke aliyewahi kubeba ndoo mbili kwa mti begani analijua.

Nilipompigia simu mara ya kwanza alinijibu, "Visu vipya hutetemeka mama, vitazoea." Vitazoea! Kama ndoa.

Ndipo nikaenda, ndipo nikaulizwa baba yuko wapi. Nilipotoka pale nilipita duka la jirani yangu anayeuza karanga na maharage, bado ana ile mizani ya zamani ya sahani mbili. Nikamwomba aweke kisu kimoja huku na kingine kule. Sahani ya kulia ikashuka ikagonga meza. Akaongeza jiwe la robo kilo upande mwepesi, wapi. Akaweka la nusu, sasa likazidi kidogo. Yaani tofauti iko kati ya robo na nusu kilo, kwenye vitu vinavyotakiwa kuwa pacha. Jirani akanitazama akasema, "Mama, hizi karanga zako zimechakachuliwa."

Nikarudi nazo palepale. Safari hii fundi alikuwa mpole, au labda ni kwa sababu nilikuja na jirani ambaye ni mwanaume, sijui, Mungu ndiye ajuaye. Akavipima, akakuna kichwa, akachukua grenda akapunguza kile kizito. Akakipunguza weee, cheche zinaruka mpaka barabarani, mpaka makali yakageuka rangi ya bluu. Sikujua wakati huo ile bluu ina maana gani. Alipomaliza vikalingana kabisa.

Wakati wa kufunga visu kwenye mashine nilikuta kijana wake amelala chali chini ya mashine, imenyanyuliwa na haidroliki tu, trekta linaunguruma. Hakuna gogo, hakuna jeki, hakuna kitu. Mpira wa haidroliki ukipasuka pale, huyo mtoto wa watu hana kichwa. Nikapiga kelele azime, achomoe funguo, aweke magogo pande zote ndipo aingie. Fundi akasema, "Mama una woga." Sawa, nina woga. Mimi ndiye ningepeleka habari kwa mama yake.

Basi, tukaenda kazini na mashine ikatulia. Lazima niseme ukweli: ilitulia kabisa. Siku ile nilikuwa tayari kumsamehe. Nilifika mpaka kumwambia yule wa kikoba kwamba mumeo ni mkali wa maneno ila kazi anaijua. Kama ningeandika haya jioni ile, mngesoma nyota nne.

Siku ya pili au ya tatu tulikuwa kwenye shamba la maembe la mteja, upande wa Uyui. Mimi nimesimama kivulini, mbali, sipendi kukaa karibu na mashine ikiwa inazunguka. Nikasikia kitu kama kengele imepigwa mara moja, kisha mlio wa bati, kisha trekta likaanza kurukaruka kama punda aliyeingiwa na siafu. Mtoto wa dada yangu akazima. Kimya. Halafu tukaona majani yanadondoka polepole kutoka kwenye mwembe ambao hakuna aliyeugusa.

Kipande cha kisu kilikuwa kimezama kwenye shina la ule mwembe, usawa wa kifua changu, kimebaki nje kiasi cha vidole vitatu. Nilipokigusa kilikuwa bado cha moto. Utomvu ulikuwa umeshaanza kutoka pembeni. Na kilikuwa kimekatika wapi? Pembeni kabisa ya mstari wa weldi, nyooka, kama biskuti. Ndani ya mkatiko nusu ilikuwa nyeupe na nusu ina kutu tayari, maana yake ufa ulikuwepo tangu siku nyingi, umejificha chini ya ile rangi nyeusi.

Jioni binti yangu wa kidato cha nne alinipigia hesabu kwenye daftari. Shafti ya nyuma ya trekta inazunguka mara 540 kwa dakika, giaboksi yetu inaongeza ifike 800 hivi, na ncha ya kisu inachora duara lenye upana wa mita moja na nusu. Ikatoka zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Nilimwambia arudie, nikadhani kakosea. Akarudia. Basi linaloteremka mlima wa Sekenke halifiki hata nusu ya hapo na watu wanasoma dua.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliyestaafu reli. Nilimpelekea kile kisu kilichobaki kizima. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, mwangaluka." Hakuuliza nani mwenye mashine. Alikining'iniza kwa kamba, akakigonga na spana. Kikatoa mlio mfupi, kwaa, kama sufuria yenye ufa. Akasema hiki nacho kilikuwa njiani. Akanieleza kwamba chuma cha kisu kimepikwa kiwandani, kina ugumu wake na unyumbufu wake. Ukikichomelea, pale pembeni ya weldi moto unaharibu ule upishi na panakuwa pakavu kama kioo. Na ukikipiga grenda mpaka kigeuke bluu, makali yanalainika, hayadumu hata wiki. Kisu cha mashine hii hakichomelewi, kwisha. Kikipinda sana, kikipata ufa au kikiliwa mpaka kikachakaa, unatupa, na unatupa vyote viwili hata kama mwenzake bado anafaa.

Jozi mpya ilikuja kwa basi pamoja na bolti na nati mpya. Hizo za zamani tulizikata, kwa sababu fundi wangu mpendwa alikuwa amezichomelea nati "zisilegee". Siku hizi visu tunanoa wenyewe kwa tupa kabla havijaliwa sana. Tunanoa upande wa juu tu, kwa mlalo uleule wa kiwandani, na hatufanyi wembe: mdomo wa makali tunauacha na unene wa sarafu nyembamba, maana ukiuchonga sana unamong'onyoka kwenye kisiki cha kwanza. Mzee anahesabu kwa sauti, tupa ishirini kisu hiki, ishirini kile. Mwishoni tunaenda kwenye mizani ya karanga. Nati inakazwa kwa spana yenye bomba refu mpaka mtu anatoa jasho, lakini kisu chenyewe ukikisukuma kwa mkono lazima kicheze.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilisema moja. Nikikumbuka ule mwembe nasema hakuna, sifuri, wafunge karakana wauze chapati. Lakini chapati nazo zinahitaji vipimo.

Halafu nikitulia nakumbuka kwamba fundi huyuhuyu ndiye aliyebadilisha sili ya giaboksi yangu kabla ya haya yote, akanifundisha kupima oili kabla ya kazi, na toka siku hiyo haijavuja hata tone. Kazi safi. Siwezi kusema uongo. Tena nilipomtumia picha ya kile kipande kwenye mwembe alinirudishia 45,000 kwa simu usiku uleule. Bila neno pole, bila salamu, na ya kutolea hakuweka. Sijui nihesabu hilo kuwa ustaarabu au jeuri. Nimelala nalo siku nyingi na bado sijajua.

Na sasa, kwa ajili ya ule mtetemeko wa mwanzo aliosema utazoea, beringi ya chini ya giaboksi imeanza kulia. Nimeulizia mji mzima nani ana mashine ya kusukumia beringi itoke bila kupasua kasha linaloishika. Kila ninayemuuliza ananielekeza kulekule.

Basi nyota moja ibaki. Moja na nusu siku akijifunza kusalimia. Kesho asubuhi nampelekea giaboksi, nitakaa kwenye benchi lake mpaka amalize, nimechukua na michembe yangu ya kutafuna. Visu naviacha nyumbani, chini ya kitanda.