Stima ikikatika, kazi haifi tena: uzoefu wangu na tmux

Nilikuwa Ntinda, Kampala, saa nne usiku, narudisha nakala ya hifadhidata ya mteja kwenye seva iliyoko Frankfurt. Zilikuwa zimebaki kama dakika ishirini stima ikakatika. Laptopu ina betri, rauta haina. Nilipopata mtandao kwa bando la simu na kuingia tena, nikakuta majedwali mengine yamejaa, mengine matupu. Nikafuta yote, nikaanza upya saa sita.

Rafiki yangu wa Mbale alicheka sana. "Kaka, miaka yote hii hutumii tmux?" Jina la programu hiyo nilikuwa nalijua, ila nilidhani ni pambo la watu wanaopenda kugawa skrini vipande sita ili waonekane wana kazi nyingi.

Akanieleza kilichotokea. Seva ikigundua kuwa ssh (njia ya kuingia kwenye seva ya mbali na kuiandikia amri) imevunjika, shell, yaani programu inayopokea amri hizo, hupokea ishara iitwayo SIGHUP, na amri uliyoiacha inaendelea humo kwa kawaida hufa nayo. Tmux, aliyoianzisha Nicholas Marriott mwaka 2007, huishikilia hiyo shell palepale kwenye seva, wewe uwepo usiwepo. Ni programu huria, hulipi kitu. Kwenye Ubuntu ni `sudo apt install tmux`, basi.

Siku ya kwanza nilijifanya fundi: nikaiwasha kwenye laptopu yangu, kisha nikaingia ssh nikiwa ndani yake. Mtandao ukakatika, kazi ikafa vilevile. Lazima uingie kwenye seva kwanza, ndipo uiwashe huko. Sasa nimeweka mstari huu kwenye `.bashrc` ya seva, faili ambalo shell hulisoma ikianza:

`alias kazi='tmux new -A -s kazi'`

Nikiandika `kazi`, kikao (shell inayoshikiliwa na tmux) kama kipo narudishwa humo, kama hakipo kinaanzishwa. Hiyo `-A` ndiyo yenye ujanja wote. Nikitaka kutoka bila kuvuruga kitu, nabonyeza Ctrl-b, naachia, halafu d. Wakati mwingine naanzisha kazi ofisini, napanda boda hadi nyumbani, naikuta inaendelea ilipofika.

Faida ambayo sikuitarajia ni ya bando. Mimi na yule wa Mbale tukiingia kwa akaunti moja ya seva na kuandika `kazi`, tunaona skrini ileile, na kila mmoja anaweza kuandika. Ni maandishi matupu yanayosafiri, kwa hiyo data inayoliwa ni kidogo mno ukilinganisha na kushirikiana skrini kwa video.

Kero ziko. Kurudi juu kusoma yaliyopita kulinitesa wiki nzima, maana gurudumu la kipanya halikufanya nilichotaka. Dawa ni `set -g mouse on` ndani ya `~/.tmux.conf`, faili la mipangilio ya tmux, ila baada ya hapo kunakili maandishi kwa kipanya kwenye terminali yangu kunataka nishikilie Shift. Na seva yenyewe ikizimwa na kuwashwa, vikao vyote vinapotea. Hapo tmux haikusaidii.

Tena kwa kawaida hutunza mistari 2000 tu kwa kila kidirisha. Niliwahi kutafuta kosa lililotokea mwanzoni mwa kazi ndefu, nikakuta limeshafutika. Niliongeza `set -g history-limit 50000`, lakini kwa kazi za usiku siitegemei: naweka `2>&1 | tee usiku.log` mwishoni mwa amri ili matokeo na makosa yote yaandikwe pia kwenye faili, asubuhi nalisoma.