Unga wa peptidi za samaki kwa mwenye presha na mafuta kwenye ini: uzoefu wangu

Nina presha ya kupanda, na ultrasaundi ilionyesha ini langu lina mafuta. Nilipokuta unga wa peptidi za samaki kwenye duka la dawa hapa Mwanza mjini nikavutiwa. Kijana wa dukani akaniambia, "Mama, huu unasafisha ini na kuimarisha moyo." Nimeutumia kwa miezi kadhaa sasa, na wenzangu wa kliniki wanauliza sana, kwa hiyo naeleza.

Ladha kwanza, maana hiyo ndiyo inayowashinda wengi. Ni mchungu. Protini ya samaki hukatwakatwa kwa vimeng'enya hadi vipande vifupi, ndizo peptidi, na baadhi ya vipande hivyo vina uchungu wake wa asili unaoganda nyuma ya ulimi. Ukiutia kwenye uji wa moto sana, harufu ya samaki inajaa jiko zima. Mimi nasubiri uji wa ulezi upoe kidogo, nakoroga kijiko kimoja, nakamulia ndimu. Hapo unanyweka.

Kwenye presha kuna ukweli kidogo. Peptidi za samaki kama sardini zimechunguzwa sana Japani, na baadhi huzuia kimeng'enya kinachosaidia kubana mishipa ya damu, kilekile kinachozuiwa na vidonge vya presha vya enalapril na captopril. Ila nguvu yake haifikii kidonge hata kidogo. Presha yangu imetulia, lakini dawa nameza kila siku kama zamani, kwa hiyo sifa siwezi kuupa unga.

Tena kabla sijafungua kopo nilimpelekea daktari, naye akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Jamani, hapo tusipapite! Kiwandani hutumia tindikali na alkali kurekebisha uchachu wa mchanganyiko, na zikikutana hutoa chumvi. Kwa hiyo kuna unga wenye chumvi nyingi hata kama ladha yake haikuambii. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani chumvi isiyojaza kijiko cha chai, chakula chote kikijumlishwa. Kopo langu lilikuwa na kiasi kidogo, ndipo akaniruhusu. Mwenye figo dhaifu aulize kwanza, na mwenye mzio wa samaki asiuguse.

Habari ya kusafisha ini sikubaliani nayo. Matokeo mazuri yaliyopo mengi ni ya panya: waliolishwa protini hii walipungukiwa kolesteroli na mafuta ya ini. Kwa binadamu ushahidi ni haba. Vipimo vyangu vya ini vimeshuka, na nimefurahi mno, lakini kipindi hichohicho nimeacha soda na nimepungua uzito, na kupungua uzito ndiko kunakojulikana kupunguza mafuta kwenye ini. Unga ulinisaidia kwa njia nyingine: nikinywa uji wenye protini asubuhi, saa nne sitamani maandazi.

Wapo pia wanaodhani wananunua omega-3. Hapana, hiyo iko kwenye mafuta ya samaki, na unga wa aina hii kwa kawaida huondolewa mafuta.

Bei sasa. Fedha ya kopo moja inanunua dagaa sado kadhaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na tumbo letu lenyewe hukata protini ya dagaa kuwa peptidi. Chagua waliokaushwa kwenye chanja, wanang'aa na hawana mchanga, uwachemshe na nyanya na bilinganya bila kuwazamisha kwenye mafuta. Kayabo, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi, mimi nimeacha kwa sababu ya hiyo chumvi.

Mama mkwe wangu yuko Sengerema, meno hana na hamu ya kula imepungua. Yeye nitaendelea kumnunulia, kwa sababu uji ule unamwingizia protini bila kutafuna. Mimi kopo hili likiisha, narudi kwa dagaa.